Kichwa Cheusi, Unyusi Mweupe

Asila wangu,

Mambo ya soksi za sufu, dawa ya tumbo na wapi pa kuficha pasipoti nimemwachia baba yako. Tangu alasiri anazunguka na begi lako, na kila akitoka chumbani anarudi na kitu kingine cha kutia. Ukifika Kazakistani ukakuta tende ndani ya viatu, usishangae, wala usimpigie simu kumcheka. Anakupenda na hajui pa kuyaweka mapenzi yenyewe, basi anayatia kwenye viatu.

Mimi nina langu moja, nalo nimelificha mwaka mzima. Wewe unadhani siku ile ya mtihani, pale shambani kwetu Ibra, ulipita kirahisi. Ulimtazama ndege, ukajibu, wakaridhika, baada ya siku chache simu ikalia, tukapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza harusi ya nani. Hivyo ndivyo unavyoijua hadithi. Kweli ni kwamba siku ile kidogo nikukoseshe nafasi mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na namna ulivyookoka ni jambo ambalo nikilikumbuka nafurahi peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Sitaki uondoke hulijui.

Lakini nianze nyuma kidogo, maana bila ya huko nyuma utaniona mjinga tu.

Nilikuja nchi hii nikitoka Unguja, nimemaliza darasa la pili, sina neno la Kiarabu isipokuwa la Kurani. Waliniweka shule hapa Ibra na watoto waliozaliwa hapa. Mwalimu akiniuliza kitu nanyamaza, natafuta neno, na darasa zima linacheka, wananiita Zinjibari. Nikalia siku nyingi. Kisha nikagundua kitu: mtu akijibu haraka na kwa sauti, hata akikosea, watu hucheka kidogo. Anayenyamaza ndiye anayechekwa sana. Basi nikaacha kunyamaza. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, na mara nyingi nilisema upuuzi, lakini nilisema. Kiarabu kikaja, masomo yakaja, nikawa mwalimu wa sayansi wa shule ya wasichana, na ule mkono haukuteremka tena. Wanafunzi wangu wote watakwambia: mwalimu wetu hakuna asilolijua. Nilikuwa nikilisikia hilo navimba.

Unawajua ndege wetu, wewe ndiye mtaalamu, lakini niache niwaeleze kwa maneno yangu, kwa sababu ni mimi niliyekuonyesha wa kwanza. Kila majira ya kuchipua, wakitoka Afrika kwenda kaskazini, wanashuka kwenye majani ya mifugo pale maji ya falaji, mfereji wa shamba, yanapofunguliwa. Wembamba, wa manjano kifuani, mkia hautulii. Nyumbani tuliwaita mtikisamkia, na mpaka leo sina jina jingine. Nilipokuwa mtoto Unguja niliwaona kwenye viwanja vya mpira, wamepauka, kila mmoja sawa na mwenzake. Sikujua kama wana vichwa tofauti mpaka nilipowakuta hapa wamevaa nguo zao za harusi. Huyu kichwa cheusi kama kimechovywa kwenye wino. Yule kichwa cha kijivu kilichoiva. Mwingine kijivu hafifu na unyusi mweupe juu ya jicho. Na yule wa manjano mwili mzima, kichwa na vyote, ambaye ulikuwa ukimwita embe.

Watu wa vitabu wanasema hao wote ni ndege mmoja, ila kila kabila lina kichwa chake na nchi yake ya kuzalia. Hilo nililijua, nikakufundisha. Nikakufundisha kumtaja kabla hajaruka. Tulikaa ukingoni mwa falaji, mimi na wewe na thermosi ya chai, na mchezo wetu ulikuwa mmoja: nani atataja kichwa haraka zaidi. Nilikuwa nakushinda. Nilipenda kukushinda, Mungu anisamehe, ulikuwa na miaka sita.

Siku moja tulikuwa njiani kwenda Sur kwa kina bibi yako mzaa baba. Ilikuwa wakati wa ndege kurudi kusini, joto limeanza kupungua. Nikamwambia baba yako asimamishe gari pale kwenye khori, maji ya bahari yanapoingia nchi kavu, kwa sababu niliona wamejaa kwenye tope. Ukashuka mbio. Ukaniuliza, mama, huyu nani? Alikuwa kinda wa mwaka ule, rangi ya vumbi, kichwa hakina cheusi wala kijivu wala chochote. Nikakwambia papo hapo: kichwa cha kijivu. Ukamtazama tena. Ukasema, mbona kichwa chake hakina rangi, umejuaje? Nikakwambia, nimejua. Ukageuka ukamuuliza baba yako. Yeye, mtu wa Sur, hana haraka na lolote, akachuchumaa tope likamwingia kwenye kanzu, akakwambia: "Wallahi sijui. Hebu tumtazame."

Mkamtazama. Mkakaa pale mpaka bibi yako akapiga simu kuuliza tumepatwa na nini. Nami nilikaa ndani ya gari nimewasha kiyoyozi, nimenuna, na sikujua nimenunia nini. Tangu siku ile, Asila, uliacha kuniuliza mimi. Hukufanya kusudi. Ukiona ndege usiyemjua ulimkimbilia baba yako, ambaye hajui ndege hata mmoja, kwa sababu yeye alikuwa anakaa na wewe katika kutojua. Niliona wivu. Nauandika hivyo hivyo, wivu, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Na bado sikubadilika. Mtu akishazoea kunyoosha mkono miaka yote hiyo, mkono unanyooka wenyewe.

Sasa twende kwenye mtihani.

Unakumbuka walivyokuja. Yule mama wa kigeni, mkuu wa msafara, na nywele zake za kijivu alizozifunga kwa kamba ya nyavu. Na yule bwana wa Nizwa aliyekuwa msaidizi wake na mfasiri wake, Bwana Nassor. Walichagua shamba letu kwa sababu ndege walishukia kwetu kuliko kwingine kokote, nami nilijitanua kama ni mimi niliyewaita kutoka Afrika. Nilipika halua, nikachemsha kahawa, nikavaa nguo ya Idi. Mlikuwa watatu mnaogombea: yule kijana wa Izki, msichana mmoja kutoka Jaalan, na wewe. Mmoja tu atachukuliwa, aende kusoma na kufanya kazi huko kwenye nyika na maziwa ambako nchi za hawa ndege zinakutana, wanaoana, na watoto wao wanatoka na kichwa cha huyu na unyusi wa yule. Kazi yenyewe ni kuwatambua hao. Nilijua ulivyoitaka. Ulikuwa huli. Ulikuwa ukiamka kabla ya adhana unasimama shambani peke yako unawatazama, na mimi nakuchungulia dirishani naomba dua.

Masharti tuliambiwa wote, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza: kila mmoja aitwe peke yake, amtazame ndege mkononi mwa yule mama, ajibu. Atakayesaidiwa na mtu, hata kwa ishara, ametoka.

Kijana wa Izki aliitwa, akatazama, akasema kichwa cheusi. Msichana wa Jaalan akasema kichwa cheusi. Wote wawili upesi, safi. Nami nilikuwa nimesimama hatua chache na birika la kahawa, nikamwona ndege mwenyewe, kichwa kinang'aa kama kilemba kipya. Nikasema moyoni, rahisi hii, mwanangu atamaliza kabla kahawa haijapoa.

Ukaitwa wewe. Ukanyamaza.

Hujui urefu wa kimya kile, kwa sababu ulikuwa ndani yake. Mimi nilikuwa nje. Ulimgeuza kichwa kwa kidole, ukainama, ukampulizia manyoya, ukamgeuza tena. Nikasikia darasa zima la Ibra linaanza kucheka. Miaka yote ile, na bado nikalisikia. Nikaona mtoto wangu amesimama mbele za watu hana jibu, na jibu ninalo mimi, liko kwenye ulimi. Nikafanya kile tunachokifanya sisi sote tuliotoka kule, dukani, benki, kwenye foleni ya hospitali, tukitaka kusemezana mbele za watu. Nilijishughulisha na vikombe, nikasema kwa Kiswahili, taratibu, kama ninayekuuliza sukari:

"Kichwa cheusi huyo, mwanangu. Sema, usisite."

Na kabla ya kusema nilihakikisha. Yule mama hawezi kujua Kiswahili. Vijana wawili ni watu wa hapa hapa. Na Bwana Nassor nilimtazama kilemba chake cha Nizwa, kimefungwa vile wanavyofunga wazee wa kule, na ndevu zake, na namna alivyoitamka herufi ya kafu, nikamkatia hukumu: huyu hajawahi kuiona hata bahari.

Akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Akasema, kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe kisicho na doa, laini kabisa: "Bibi, mwache mtoto atazame."

Wewe hata hukugeuka. Nilikuuliza jioni yake kama ulisikia lolote, ukaniambia ulimsikia ndege anavyopumua. Lakini mimi nilitaka falaji inichukue. Miaka yote nchi hii, nusu ya watu wa hapa wana bibi aliyezikwa Unguja au Pemba, na bado nakwenda nikisema siri zangu kwa sauti. Tunafanya kosa hilo hilo kila siku na hatukomi.

Ndipo ukajibu. Kwa Kiarabu, pole pole, ukimwonyesha yule mama kwa ncha ya kidole. Ukasema huwezi kumpa jina moja. Kichwa ni cha wale weusi, lakini juu ya jicho, chini ya unyoya wa mbele, upo unyusi mweupe mwembamba uliokatika katikati, na wale weusi hawana unyusi. Na kisogoni weusi unayeyuka kuwa kijivu kabla haujafika mgongoni. Ukasema huyu ametoka pale wanapokutana, na ukilazimishwa kumwandika utaandika mchanganyiko, na mzazi wa pili humjui. Ulisema hivyo hivyo, humjui, bila ya kuomba radhi. Wakakushukuru, wakawatuma nyote watatu mwende nyavu za mwisho kule kwenye mitende, mkawafungue walionasa.

Hapo ndipo usipopajua.

Yule mama akaniita. Hakuwa amenikasirikia, lakini uso umefungwa. Alikuwa ameniona midomo. Akamuuliza Bwana Nassor niliyoyasema, na Bwana Nassor, badala ya kumjibu, akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa Kiswahili, mbele yake: "Bibi, ulimwambia nini binti yako?"

Nikaelewa maana yake. Yeye alisikia kila kitu. Lakini alikuwa ananipa nafasi. Ningesema nilimwita anywe kahawa, na mkuu wa msafara asingejua, na ni yeye Nassor peke yake angebaki na uongo wangu mkononi. Nilifikiri kusema hivyo. Mwanangu, nilifikiri kwa nguvu. Nafasi yako ilikuwa pale kwenye ulimi wangu.

Unajua kilichonizuia? Ningependa kukwambia uchamungu. Haukuwa uchamungu. Ilikuwa hasira. Nilikuwa nimekukasirikia wewe, kwa sababu nilidhani umekosea. Nilikuwa nimekupa jibu sahihi, bure, nimejidhalilisha kwa ajili yako, na wewe umekaidi ukaanza hadithi za unyusi. Basi nikamwambia Nassor, kwa sauti: "Nilimwambia ni kichwa cheusi. Na ni kichwa cheusi. Sijui kapata wapi hayo mengine, huyu mtoto ni mkaidi tangu anyonye."

Bwana Nassor akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akaondoa miwani akafuta macho. Akamwomba yule mama amtoe ndege kwenye kifuko cha kitambaa. Wakanisogezea karibu, karibu kuliko nilivyowahi kumwona mtikisamkia maisha yangu yote. Nassor akampulizia juu ya jicho.

Unyusi mweupe. Mwembamba, umekatika katikati. Na kisogoni, kijivu.

Nilisimama pale na halua yangu na nguo yangu ya Idi. Nimewatazama ndege hawa tangu kabla hujazaliwa, na sikuwahi hata siku moja kuwatazama zaidi ya mpaka jina lipatikane. Jina likishakuja nilikuwa nimemaliza. Ni wangapi wa namna ile walishuka shambani kwetu, nikawaita weusi mbele yako, na wewe ukiwa na miaka sita ukaniamini?

Nassor akamweleza mkuu wake kwa Kiingereza. Nikafahamu sehemu kubwa: mama amempa mtoto jibu, jibu si sahihi, mtoto amelikataa. Lakini yule mama ni mtu wa haki, hakutaka kulipokea kwa mdomo wa mtu mwingine. Akanitazama mimi, akasubiri. Na wewe na wenzako mlikuwa mmeshaanza kurudi kutoka kwenye nyavu, bado mko mbali kwenye mitende, na watu wa shamba wamesimama, na baba yako naye amefika na mikate, anauliza kuna nini.

Hapo nikanyoosha mkono, Asila. Kweli kabisa, nikaunyoosha kama msichana wa darasa la tatu. Nikasema kwa Kiarabu, ili kila mtu asikie na nisipate pa kujificha: "Mimi nilimwambia ni mweusi. Nilikosea. Binti yangu alinikataa, na yeye ndiye aliyepatia."

Sijawahi kulisema neno hilo mbele za watu, si shuleni, si nyumbani, si kwa baba yako. Nilidhani nikilisema nitaanguka. Badala yake furaha ilinipanda kutoka miguuni. Nilitaka kulisema tena. Nilitaka kwenda sokoni Nizwa siku ya mnada wa mbuzi nikalitangaze: nimekosea, mwanangu amenishinda, amenishinda kwa haki, mbele ya mashahidi. Baba yako akaniangalia akadhani nimepigwa na jua. Kosa langu ndilo lililokuwa ushahidi wako. Ningekupa jibu sahihi, ungekuwa umetoka. Na ningesema uongo, Nassor angebaki na uongo wangu na yule mama angebaki na shaka, na nafasi angepewa kijana wa Izki, naye ni kijana mwema. Ulipita kwa sababu mama yako alikuwa hajui kitu, na wewe ulikuwa na moyo wa kukaa kimya mpaka ujue, na ulipofika mwisho wa kujua kwako ukasimama hapo hapo.

Ulipotufikia, umebeba vifuko vya ndege, uliniuliza mbona nalia. Nikakwambia ni moshi wa kahawa.

Moyo huo hukuupata kwangu. Uliupata kwenye tope la Sur, kwa mtu aliyechuchumaa na kanzu yake nyeupe, na nimeshamwambia hivyo jana. Akaenda kukutilia tende nyingine kwenye begi. Lakini macho niliyakuonyesha mimi, hilo sitamwachia mtu.

Huko uendako kila kitu kitakutaka useme haraka. Watakuwapo watu wenye sauti kama yangu, wengine wana vyeo, na watakucheka ukinyamaza. Sikupi dawa ya hilo. Mimi mwenyewe nimelijua nikiwa na mvi. Nakwambia tu nilichokiona kwa macho yangu: umesimama katikati ya shamba, watu wote wanasubiri, mama yako anakunong'oneza upuuzi, na wewe unampulizia ndege manyoya. Sijawahi kukuona mkubwa kuliko vile. Nimekuona umehitimu, nimekuona umevaa dhahabu kwenye harusi ya dada yako, na hapana, ilikuwa pale.

Kesho tutakupeleka uwanja wa ndege Maskati. Baba yako atabeba mabegi. Mimi najijua. Tukifika pale ambapo sisi tusiosafiri tunasimamishwa, nitakukumbatia, nitakuegemea sikioni, na kwa Kiswahili, kana kwamba hakuna mwingine anayekijua, nitakwambia usiende.

Nitakuwa nimekosea. Usinisikilize. Nenda.

Mama yako